Gari lako, alama yako: Fundi wa Mbalizi asiyefungua boneti bila mwenye gari

Ukungu wa asubuhi bado umekalia Mbalizi, lakini Ngolo Masanja amekwisha kutandika turubai chini ya Noah nyeupe. Spana ziko tayari. Boneti imefungwa. Fundi mwenyewe amesimama, mikono nyuma, kama mgeni aliyefika harusini kabla ya wenyeji.

Anamsubiri mwenye gari, aliyeacha ufunguo na kwenda mara moja kwa binti yake. Bila yeye, Ngolo hagusi hata nati.

"Mwenye gari akienda zake, ndipo gari linapata magonjwa mapya," anasema, na kucheka mpaka macho yanafumba. "Limekuja na mafua, linatoka na pumu."

Pembeni kuna benchi la mbao lililochakaa kwa kukaliwa. Kila mteja huketi hapo. Ngolo humwonyesha kifaa anachokishuku, humpa tupa ndogo, na mteja mwenyewe hukikwaruza alama anayoitaka: msalaba, herufi, hata uso wa paka. Kifaa kikibadilishwa, kile cha zamani huondoka na mwenyewe, alama yake ikiwa juu.

Mafundi wenzake wanamwita Fundi Sikio, na jina hilo limetoka kwenye ng'ombe.

Baba yake, mzee Masanja, alihama Usukumani na mifugo yake akaja kuishi bonde la Usangu, karibu na Madibira. Huko alichunga pia ng'ombe wa watu wengine.

"Ng'ombe wa mtu akifa porini, huendi kwake mikono mitupu ukasema amekufa," anaeleza Ngolo. "Unapeleka ngozi na sikio lenye alama yake. Asipoliona sikio, anajua umemuuza."

Ngolo, mwenye miaka 41, hakuurithi uchungaji. Mashamba ya mpunga ya Madibira yalikuwa na pawatila, zile trekta ndogo za kuongozwa kwa mkono, zisizoisha kuharibika, naye akajifunzia ufundi humo humo kwenye matope. Baadaye alihamia mjini na kufanya kazi katika gereji ambazo mpaka leo hataki kuzitaja.

"Niliona stata ya mteja, ile mota ya kuwashia injini, inatolewa, inafutwa mafuta, inapulizwa rangi, halafu inarudi pale pale kama mpya," anasema. "Na mteja anashukuru! Anaacha na hela ya soda!"

Alipopata eneo lake Mbalizi, aliweka sharti moja: kila mteja aondoke na kifaa chake cha zamani, maana hilo ndilo sikio la ng'ombe wake. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwaka jana, yalipomtumbukia nyongo.

Siku hiyo zililetwa Noah mbili, zote stata zimeungua. Moja ilikuwa ya Clement Kalinga, mfanyabiashara wa njegere kutoka Kilolo, aliyekuja kumtembelea binti yake aliyeolewa hapa. Ya pili ilikuwa ya Esta, mpishi wa sherehe ambaye sufuria zake zinafahamika mtaa mzima. Ngolo alifunga stata mbili mpya, akatia zile mbovu kwenye mifuko, akamkabidhi kila mtu mfuko wake.

Kesho yake Clement alirudi amefura. Mzee huyu alikuwa amewahi kulizwa na mafundi huko nyuma, hivyo kabla ya kuleta gari alikuwa ameitia stata yake doa la rangi nyekundu ya kucha, aliyoiazima kwa binti yake. Stata iliyokuwa mfukoni haikuwa na doa lolote.

"Fundi, hii si yangu!" alifoka mbele ya watu wote. "Kama hata kibovu changu umekiiba, hicho kipya ulichonifungia nitakiaminije?"

Wateja wawili waliomba funguo zao wakaondoka.

"Mwe! Nilimwangalia Ngolo nikaona kaisha," anakumbuka Anyelwisye, mchomeleaji wa banda la jirani. "Sisi tulikuwa tunamtania kila siku, eti mlokole wa spana. Siku ile hakuna aliyecheka, bwana. Tuliumia."

Ngolo naye hafichi. Anasema alitamani ardhi ipasuke. "Sina ng'ombe mimi. Jina langu ndiyo ng'ombe wangu pekee, na nilikuwa namwona anakufa hivi hivi."

Ndipo akaikumbuka Noah ya pili. Akafunga sanduku la spana, akamwomba mzee waongozane mpaka kwa Esta. Nusu ya gereji ikawafuata nyuma.

Esta aliwatokea na mwiko mkononi. Alipoulizwa ile stata ya zamani iko wapi, alionyesha banda la kuku. Stata ilikuwa imeegemezwa mlangoni, kuzuia kicheche asiingie usiku. Clement aliinama, akafuta manyoya, akaigeuza. Doa jekundu likamtazama.

"Kumbe kuku wangu wanalindwa na mlinzi wa Kilolo!" Esta anasimulia, na bado anacheka mpaka anashika kiuno. "Nikamwambia, shikamoo mzee wangu, karibu ukae ule kwanza. Hasira na pilau havikai sahani moja."

Clement alikaa, akala, akaomba radhi. Jioni Ngolo alimpigia simu baba yake, akitegemea kupewa pole.

"Mzee alinisikiliza mpaka mwisho," anasema. "Halafu akaniuliza, 'Sasa wewe ulikuwa unagawa masikio ambayo hukuyatia alama?'"

Kesho yake tupa ilianza kukaa juu ya benchi.

Utaratibu huu haumtajirishi. Siku nzuri anabaki na shilingi elfu arobaini, na zipo siku anazotoka na salamu tu, kwa kuwa mteja asiye na muda wa kukaa hupeleka gari lake kwingine. Mkewe, Joyness, anasema mwanzoni alinung'unika, lakini siku hizi anatembea sokoni kifua mbele. "Watu wananiita mke wa Fundi Sikio, wananiongezea na nyanya," anasema.

Kwa wenye magari, Ngolo ana ushauri mfupi. "Uliza bei kabla boneti haijafunguka. Ukiweza, kanunue kifaa mwenyewe. Na ukiambiwa kifaa kimekufa, omba kuiona maiti."

Ndoto yake sasa iko Kilolo. Mteja mmoja wa huko amejitolea kumpa sehemu ya kiwanja chake kando ya barabara, na Ngolo anadunduliza ili afungue gereji ya pili, atakayomwachia fundi aliyemfunza mwenyewe. "Nitaanza na benchi," anasema. "Banda litafuata."

Ukungu umeanza kuinuka mwenye Noah nyeupe anapotokea, kofia kichwani na mfuko wa njegere begani. Ndiye mwenye kile kiwanja. Ni Clement Kalinga.

"Kamwene, fundi!" anasalimu kwa Kihehe. "Breki zinalia. Wewe endelea tu, mjukuu wangu ananisubiri kwa chai. Mimi na wewe tumeshamaliza, nakuamini."

Ngolo anatikisa kichwa na kumwonyesha benchi.

"Kaa, mzee wangu. Siku wateja wakiniamini mpaka wakaondoka, ndiyo siku nitakayoanza kuharibika."

Clement anamtazama, anaguna, kisha anakaa. Ngolo anamnyooshea tupa. Mzee anaikataa kwa mkono, anapapasa mfuko wa koti lake, na kwa aibu kidogo anatoa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha.