Liboke la Mama Bosongo

Hadi leo, nikisikia harufu ya majani ya ngongo, yale ya kufungia samaki, yakiungua juu ya makaa, pilipili hunirudia kinywani na ninajiona nina miaka saba, nimesimama mbele ya watu wazima, kifua mbele. Mnisamehe kujisifu. Nilikuwa na sababu, mtaona wenyewe.

Mama alikuwa na kazi ambayo sijaona mwingine akiifanya hapa Kisangani. Jumapili alivusha watu wachache wa mjini kwa mtumbwi hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, kisha akawatembeza kwa miguu vijiji vitatu. Cha kwanza walikula lituma, ndizi zilizopondwa zikang'aa mafuta ya mawese. Cha pili ilikuwa pondu, yaani kisamvu. Cha tatu, kwa rafiki yake Mama Bosongo, walikula liboke, samaki aliyefungwa katika majani na kuchomwa, wakanywa malafu, ile divai nyeupe ya mchikichi inayotoa povu yenyewe kibuyuni. Majirani walimcheka. Sisi ni Waislamu tangu enzi za misafara, na huyu anaongoza watu kwenda kunywa! Mama aliwajibu kwamba kunusa si kunywa, na kweli kwa pua tu alijua malafu ya leo na ya jana.

Kisha, miaka michache baada ya uhuru, uasi ukafika kwetu. Watu wa ng'ambo walikimbilia msituni, na huko Mama Bosongo akamzika binti yake, aliyekuwa rika langu. Waliporudi, kuaminiana kulikuwa kumekwisha. Ng'ambo walisema watu wa mjini ndio waliowaonyesha askari njia. Mjini walisema ukila ng'ambo hutarudi, wanatia sumu ili walipize kisasi. Maneno hayo yalimchoma Mama. Papa alifariki ningali nabebwa mgongoni, mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee, na baada yangu sidhani alimpenda mtu kama alivyompenda Mama Bosongo. Kumpoteza kwa ajili ya umbea wa sokoni alikataa katakata.

Akahangaika mwezi mzima hadi akapata wageni wanne: Directeur wa shule yangu na mkewe, na makarani wawili wa posta. Ila alifanya kosa moja. Wakati wa risasi alikuwa ameweka nadhiri kwamba tukipona atafunga siku saba mfululizo. Alianza kufunga bila kuangalia kalenda, na siku ya saba ikaangukia Jumapili ileile. Basi kiongozi wetu wa kula na kunywa aliondoka nyumbani hata mate hamezi vizuri.

Kijiji cha kwanza, wageni walisifu sana lituma, kisha wakala ndizi mbivu walizomenya kwa mikono yao. Cha pili waliomba karanga zenye maganda. Mama alikuwa akiona yote, akitabasamu kwa meno tu.

Kwa Mama Bosongo hapakuwa na cha kumenya. Mumewe alimimina malafu, akanywa yeye kwanza mbele yetu, kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone kuwa hakuna ubaya. Akajaza tena, akampa Directeur. Directeur akakitazama kikombe, akampa mkewe. Mkewe akasema tumbo linamsumbua. Makarani wakawa wanatazama viatu vyao. Kikombe kikarudi kimejaa vilevile, na mzee yule akakiweka chini polepole.

"Mama Amina," Mama Bosongo akasema, "ulituletea wageni ama polisi? Kama chakula yetu iko mubaya, pirogue iko kule, mupande murudi."

Mama alichukua liboke, akafungua majani, mvuke ukapanda. Akachambua mnofu wa tumboni, akatoa miiba, akaupuliza.

"Amina, kuya. Fungua kinywa."

Hebu fikirini. Nyumbani kwetu watoto walikula baada ya wageni kumaliza na kunawa. Na leo Directeur mwenyewe, aliyetupanga mstari kila asubuhi kwa filimbi, alikuwa anangoja mimi nile kwanza! Nikafungua kinywa chote.

Pilipili ya Mama Bosongo haikuwa na mzaha. Machozi yakanitoka, kamasi ikafuata, nikashika koo. Karani mmoja akasimama. Mke wa Directeur akaanza kutafuta rozari. Mama hakusogea hata kidogo. Nikameza, nikajifuta kwa mkono, nikasema:

"Unipe ingine."

Mzee Bosongo ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha kijiji kizima. Directeur akakiokota kikombe chini mwenyewe, akakimaliza, akaomba cha pili. "Bon, mke wangu, tumbo ilishapona?" akauliza. Waliyakomba majani hadi yakabaki matupu. Mama Bosongo alinipakata, akanilisha kwa mkono wake, na alinibana sana hata nikashindwa kupumua. Sikujua kwa nini. Tulirudi Directeur akiimba na kutaka apewe kasia, na Mama akafungua saumu yake jua lilipozama kwa liboke alilofungiwa. Wiki iliyofuata watu walikuja mlangoni kuomba nafasi. Mwaka ule mtumbwi wetu haukulala tena.

Mimi nilitamba shuleni miezi kadhaa kwamba nililishwa kabla ya Directeur. Niliamini ni kwa sababu nilikuwa mtoto wa kiongozi. Ni siku nilipokuwa nikimpulizia chakula mwanangu wa kwanza ndipo mkono wangu uliposimama hewani. Nikaenda kumwuliza Mama, aliyekuwa mzee tayari, kama siku ile hakuogopa, kunilisha mimi, wa pekee, chakula ambacho mji mzima ulikiita sumu.

"Niliogopa sana," akasema. "Nilijua pilipili ya ule mwanamuke."