Aliuliza Herufi Zilikotoka, Hakuuliza Zinasema Nini

Saa tisa na nusu alasiri, jua la Riyadh bado halijapunguza ukali, na ndani ya karakana moja ya mawe kusini mwa jiji Elkanah Nyabuto amepiga magoti mbele ya chemchemi ya marumaru itakayopamba ua wa tajiri fulani. Grainda za kukatia mawe zinanguruma kila upande. Vumbi jeupe limemkaa kwenye nyusi hadi anaonekana mzee kuliko miaka yake arobaini na mitatu. Anagonga patasi taratibu, anapuliza, anapitisha kidole gumba, kisha anagonga tena.

"Hapa kwa kona mashine huvunja ukingo," anaeleza bila kuinua kichwa. "Wakishaharibu ndio wananikumbuka."

Msimamizi wake, Hashim, Mtanga mwenye maneno mengi, anapita na kikombe cha chai na kutupa utani. "Muulizeni habari za Waturuki wake. Akianza hapo, leo hamtoki."

Mafundi wanacheka. Elkanah hacheki. Anaweka patasi chini, anajifuta uso kwa kilemba chake.

Utani huo umemgusa palipo na kidonda. Miaka miwili iliyopita, Elkanah alichonga kwa mkono nakala ya jiwe la kaburi la Mturuki wa kale, kwa herufi ambazo hakuna mtu karakanani aliyewahi kuziona. Ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote alizofanya maishani. Ndiyo pia kazi anayotamani asingeishika.

Elkanah ni mzaliwa wa Tabaka, kaunti ya Kisii nchini Kenya, ambako jiwe la sabuni ndilo shamba la watu wengi. Baba yake, marehemu Ezekieli Nyabuto, alichonga viboko, sahani na mbao za sataranji za kuuzia watalii, na alimtia mwanawe patasi mkononi kabla mtoto hajajua kuandika jina lake. Biashara ya vinyago ilipodorora, Elkanah alimwacha mkewe na binti yao Shirleen nyumbani, akaja Saudi Arabia kwa mkataba wa kibarua wa kubeba mawe.

Alibeba mawe hayo mwaka mzima. Siku moja kichwa cha simba cha mteja kilivunjika taya, na kibarua huyo akaomba aachiwe ajaribu. Hashim anasema aliporudi kutoka kuswali alimkuta simba ana taya mpya, akaenda moja kwa moja kwa kafili wao, yaani mwajiri anayewadhamini, kumwombea jamaa cheo. Leo Elkanah anapata riyali elfu moja na mia nane kwa mwezi, na karibu zote huvuka bahari kwenda Tabaka.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukigusa kwa miaka yote hiyo: maandishi. Makaburi ya huku hayaandikwi. Ni udongo na jiwe lisilo na jina, basi. Fundi aliyezoea nyumbani kuchonga majina ya marehemu na aya za Biblia alijikuta hana hata herufi moja ya kukata.

Ndipo akatokea Dokta Saltanat.

Jina lake kwa masikio ya Mswahili lina harufu ya enzi na ufalme, lakini mwenyewe ni mama mfupi kutoka Kazakhstan, mwenye viatu vya raba na mkoba uliojaa karatasi. Alikuwa anaandaa maonyesho ya miandiko ya kale yatakayofanyika Jeddah, na alitaka nakala ya jiwe la kaburi la zaidi ya miaka elfu moja, kutoka bonde la mto Yenisei huko Siberia. Hakutaka mashine iliguse. Alisema mashine hukata herufi zikatoka safi mno, nazo za wenyewe zilikatwa na mkono uliotetemeka kwa baridi.

Alileta plastiki zilizochorwa herufi kwa ukubwa wake halisi. Elkanah akazipenda palepale.

"Zilikuwa herufi za mtu wa patasi," anasema, na hapo tu ndipo sauti yake inachangamka. "Mistari imenyooka. Kona ni kona. Moja ni mshale kabisa, ukiuona unajua ni mshale. Nikamuuliza, daktari, hawa watu walitoa hii kitu wapi?"

Swali hilo likawa mazungumzo yao ya kila alasiri. Dokta alikalia ndoo iliyopinduliwa, Elkanah akagonga, na habari zikaenda. Alimweleza kwamba wasomi wengi wanaona herufi hizo zilizaliwa na mwandiko wa Kiaramu, zikapitia kwa wafanyabiashara wa Kisogdi waliozunguka Asia na misafara yao, hadi zikawafikia Waturuki wa kale, wafugaji wa farasi wa huko Siberia. Wapo wengine wanaosema la, mizizi yake ni alama ambazo wafugaji hao walizichoma kwenye mapaja ya farasi wao ili wasiibiane.

Elkanah akawa upande wa farasi, na hakutaka kusikia jingine. "Nilimwambia kwetu zamani ng'ombe alikatwa sikio, kila boma na mkato wake. Sasa mtu aende kuomba herufi kwa wafanyabiashara na alama anazo zizini?"

Dokta alicheka, akamwambia wangalipo watu wengi wa kumpigia makofi, ila ushahidi unaegemea zaidi upande wa Kiaramu. Hata hivyo alikiri kwamba ule mshale husomeka "ok", na "ok" kwa lugha yao ndiyo mshale, kwa hiyo neno la mwisho bado halijasemwa. Elkanah alilala siku hiyo amefurahi kama aliyeshinda kesi.

Palitokea na kichekesho. Mwandiko huo husomwa kutoka kulia, kama Kiarabu. Hashim, aliyekulia chuoni akisoma msahafu, angeanza kulia bila kufikiri. Elkanah, mtoto wa shule ya misheni, alianza kushoto, tena kwa mstari wa chini kabisa kama alivyozoea kuchonga, naye bila kufikiri. Mstari huo ulikwisha ndipo Dokta akagundua kwamba fundi wake anachonga kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kwa kuwa maumbo yalikuwa yaleyale, hakuna kilichoharibika, akamwacha aendelee.

Jiwe lilikuwa limefika katikati simu ilipotoka Tabaka. Mzee Ezekieli alikuwa amelazwa, mapafu yamejaa vumbi la miaka sitini.

Simu ya pili ilitoka Jeddah, kwa dada yake Elkanah, Rosebellah, anayefanya kazi za nyumbani katika mtaa wa Al-Nuzha. Alikuwa ndio kwanza ameanza mkataba, ikama yake, kibali cha ukaazi, haijatoka, na hakuwa na njia ya kuondoka nchini.

"Aliniita Baba Shirleen, vile huniita akitaka kitu kikubwa," Elkanah anakumbuka. "Akaniambia, 'Mimi nimefungwa huku. Wewe karatasi zako ziko sawa. Nenda utuonee mzee.'"

Hapa ndipo simulizi hii inapouma, na Elkanah hajaribu kuipaka mafuta. Hakuna aliyemzuia. Siku hiyohiyo kafili alimpa ruhusa ya kutoka nchini na kurudi. "Baba aliniambia yalla, safiri, mzazi ni mzazi," anasema akimtaja mwajiri wake, ambaye wafanyakazi humwita Baba. Ila jiwe lisingemsubiri. Maonyesho yalikuwa karibu, na lingepelekwa karakana nyingine likamaliziwe na mtu mwingine.

"Sikutaka mtu mwingine aliguse," anasema. "Nilijiambia mzee ni mgumu, ameugua mara ngapi na ameamka. Wacha nimalize kwanza."

Alimpigia baba yake hospitalini, akamweleza kuhusu jiwe, herufi, na yule daktari wa mbali. Mzee alifurahi kwa sauti iliyokatikakatika. Akamwambia amalize kazi ya watu. Elkanah aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Rosebellah hakuyakubali, wala hayakubali mpaka leo. Anasema baba mwenye adabu zake angesema nini kingine kwa mwana ambaye ameshaamua?

Mzee Ezekieli alifariki wakati mwanawe akichonga mstari wa juu kabisa, ule wenye jina la marehemu Mturuki.

Mazishi aliyaona kwa simu, ameketi kitandani mwake mchana, na wenzake sita wa chumbani wamemzunguka. Aliyeshika simu huko Tabaka ni Danson, mdogo wa Elkanah na Rosebellah, ambaye pia alikuwa mmoja wa wabeba jeneza. Kwa hiyo Elkanah alichokiona zaidi ni nyasi, viatu vya watu, na ncha ya tai ya Danson ikipeperuka. Alisikia wimbo. Hakuliona jeneza likishuka.

Wiki chache baadaye jiwe lilipelekwa Jeddah kwa lori, naye akatumwa kwenda kulisimamisha. Rosebellah aliomba ruhusa kwa madam wake, akaja ukumbini Ijumaa akiwa na chapati alizompikia kaka yake. Hawakuwa wameonana tangu msiba. Walisimama mbele ya jiwe pamoja, na Elkanah anakiri kwamba alikuwa akisubiri kusifiwa.

Ubavuni mwa jiwe kulikuwa na kibao chenye tafsiri ya Kiarabu na Kiingereza. Rosebellah akasogea, akaanza kumsomea akiigeuza kwa Kiswahili. Mwenye kaburi ndiye aliyekuwa akizungumza. Alitaja jina lake. Kisha akasema ametengana na nyumba yake. Ametengana na mkewe, na wanawe, na farasi wake walioko malishoni. Mwisho akasema, *sikuwashiba*.

Waswahili husema marafiki fulani wameshibana, na hakuna anayefikiria chakula. Nani angedhani wafugaji wa Siberia nao waliwalilia wapenzi wao kwa neno hilohilo? Dokta Saltanat, alipoulizwa baadaye, alithibitisha kwamba ndilo lenyewe, neno la mtu aliyeondolewa mezani kabla hajatosheka.

Rosebellah alisoma mara ya pili kimyakimya. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Kumbe ni hii ilikuwa inakushikilia? Baba ya watu anasema hakushiba watoto wake, na wewe unamchongea vizuri hivi. Wetu naye? Wetu alitushiba?"

"Alikuwa ameniletea chapati," Elkanah anasema, akijaribu kucheka. "Akaenda nazo."

Kwa kuwa alianza chini na kushoto, neno hilo la mwisho ndilo alilolichonga kwanza kabisa, siku ya kwanza ya kazi, baba yake akiwa hai na mzima. Aliligonga asubuhi nzima. Alilipiga msasa, akalipiga na picha akamtumia mkewe.

"Nilimsumbua yule daktari wiki ngapi juu ya herufi zilitoka wapi, mara farasi, mara wafanyabiashara," anasema. "Sikumuuliza hata siku moja zinasema nini. Nilijua ni ya kaburi, nikafikiri ni mambo ya wafalme, vita, majigambo. Ningeuliza, labda ningepanda ndege. Labda pia nisingepanda. Hiyo ndiyo inaniuma, sijui."

Maonyesho yaliisha, jiwe likafungwa kwenye sanduku, na Rosebellah akaendelea kununa. Katika kundi la familia la simu alijibu ujumbe wa kila mtu isipokuwa wa kaka yake. Huko Tabaka kaburi la mzee lilifunikwa saruji, bila jina. Danson alitaka kutafuta fundi wa mjini, mama yao akakataa. Alisema marehemu aliacha neno: jiwe lake litachongwa na Elkanah, na kama Elkanah hayupo, kaburi likae tupu bila jina.

Limekaa tupu mwaka wa pili huu. Wajukuu hulikalia wakila miwa.

Mwaka huu Elkanah aliona amepata dawa. Kwenye mabaki ya karakana palikuwa na kipande cha graniti nyeusi, aina ileile ya jiwe alilomchongea Mturuki, na kafili akamruhusu akichukue bure. Alipanga akichonge huku, jioni baada ya kazi, kisha akisafirishe. Alikwenda hadi Al-Dirah kwa wenye maduka ya kusafirisha mizigo kuulizia njia. Kilichobaki kilikuwa maneno ya kuandika, na hayo hakutaka kuyatunga peke yake. Akajipa moyo, akampigia dada yake.

Rosebellah alipokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaikataa ile graniti; alitaka jiwe la sabuni.

Mwanzo Elkanah alidhani ni hasira zilezile. Jiwe la sabuni, wenyewe wanajua, halina nguvu za graniti. Ukucha hulikwaruza. Kaburi la jiwe la Tabaka lililoachwa mvuani na mifugo haliwezi kukaa na maandishi yake kizazi kizima, na yeye alitaka jina la baba yake lidumu kama la yule mgeni.

"Nikamwambia hivyo," anasimulia, sauti yake imeshuka hadi inakaribia kumezwa na grainda. "Nikamwambia hii haifutiki hata miaka elfu. Akaniambia ndio maana hataki."

Elkanah hakuongeza mkataba safari hii. Desemba anarudi nyumbani, na Rosebellah, ambaye sasa karatasi zake zimekamilika, ameomba likizo mwezi huohuo. Kile kipande cha graniti Elkanah amempa Hashim, naye amekifanya meza ya jikoni. Sasa anaokota patasi yake, anaitazama ncha, lakini haanzi kugonga. Kuna maneno ya dada yake anataka yaandikwe kama yalivyosemwa.

"Aliniambia, 'Baba Shirleen, hilo la Riyadh ukiliandika mara moja umemaliza, utatuma pesa na kukaa hukohuko. Mchongee mzee jiwe la kwetu. Mvua ilile, ng'ombe wajikune, na kila likianza kufutika uje nyumbani uliandike tena.' Nikamjibu sawa."