Bendi si Sufuria

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, mtu akipata safari ya kuhamia Kanada, hafungi mizigo kwanza. Anagawa. Siku ya maombi ya kuaga, majirani hujaa uani, jicho moja lina machozi, la pili liko kwenye godoro. Kuku kwa jirani, sufuria kwa shangazi, mlango wa bati kwa yeyote aliyelia kwa sauti kubwa zaidi. Sina neno na hilo. Hata mimi niliwahi kulia nikapata ndoo.

Lakini mwimbaji wetu alipoondoka, aligawa hata bendi.

Tulianza wanne, bendi ya roki, kelele za kukimbiza mbuzi. Mpiga gitaa alitangulia kwenda Australia na gitaa lake. Tukabaki mwimbaji, mimi kwenye ngoma, na mpiga besi, msichana anayemaliza sekondari, ambaye namwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa amenizidi umri. Besi yake ikajifunza kufanya kazi ya vyombo viwili, tukaendelea. Kisha ikafika zamu ya mwimbaji. Pale uani akasema:

"Meza ni ya mama mukubwa. Velo ni ya papa pasta. Na nafasi yangu katika bendi, pamoja na mikro, namuachia kuzini wangu."

Mchungaji, mkono tayari kwenye baiskeli yake mpya, akasema amina. Watu wakapiga makofi. Kuzini, yaani binamu yake, akaipokea maikrofoni, akainama kama anavishwa taji. Mimi na Yaya tulikuwa tumesimama palepale, kando ya masufuria, na hakuna aliyetuuliza chochote. Niliwaka mpaka masikio.

Kuzini hajui kuimba. Sisemi kwa wivu. Anaimba kama mtu anayeita kabaza, teksi ya baiskeli, iliyoko ng'ambo ya barabara. Siku ya kwanza ya mazoezi alikuja na mikro shingoni, akakalia kiti cha pekee kilichokuwepo.

"Leo tunapunguza hizi makelele," akasema. "Mi njo chef sasa, mukubwa ya bendi."

"Chef ya nini?" nikamuuliza. "Ya kusonga nsima?"

"We mutoto, uliza bantu. Bote balisikia. Nilibarikiwa."

Na kweli walisikia! Hilo ndilo lililonichoma. Hata mama, nilipomlalamikia, alisema, "Acha kitu ya bantu." Kitu ya bantu, mali ya watu wengine! Malengelenge ya mikononi mwangu yalikuwa ya nani?

Jumamosi vijana wa kanisa moja kule Area 49, Lilongwe, walitualika tupige kwenye sherehe yao. Tukiharibu pale, hakuna wa kutuita tena mjini, na bendi isiyoitwa popote imekufa. Mikro ilikuwa moja tu, na ilitembea na shingo ya mwenyewe. Tukampandisha kwenye pikapu ya mahindi, tukaenda.

Wimbo wa kwanza aliingia mapema. Wa pili hakuingia kabisa. Alisahau maneno, akaanza kuwashukuru watu: "Zikomo! Zikomo kwambiri!" huku sisi tunapiga. Mtoto wa mbele akaziba masikio. Yaya akanigeukia, uso umekunjamana, akanitikisia kichwa: usisimame. Akasogea mbele, akaimba bila mikro, kwa ile sauti anayogombeza nayo wadogo zake. Nikapiga ngoma kana kwamba ndiyo iliyosema amina. Vijana wakapanda juu ya viti.

Kuzini alibaki katikati na mikro yake iliyobarikiwa. Kisha, sijui nini kilimwingia, akaisogeza mdomoni mwa Yaya. Akaishikilia hapo hadi mwisho. Siwezi kukataa, ni stendi nzuri ya mikro.

Wale vijana wakatuambia turudi tena. Lakini kwenye pikapu, jua likiwa bado juu, Yaya akasema kwao nako wameitwa kuhojiwa kwa ajili ya safari.

"Nikienda, besi nakuachia we."

Hasira zote zikarudi. "Usiniachie! Usinitaje uani, usimuite pasta. Nifundishe."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Akacheka. Akaitoa besi kwenye gunia, akanipakatisha, akanibana kidole juu ya waya mnene huku pikapu inaruka mashimo. Uliuma kama umeme.

"Na mi?" kuzini akauliza taratibu.

Nilikuwa na jibu baya, tamu kabisa, tayari ulimini. Lakini kidole kilikuwa kinawaka moto.

"Subiri zamu," nikamwambia.