Filamu ya Mafia kwa Mama, Gulfton

Tangu baba afariki Unguja, na kaka yangu Salim amlete mama kwake Houston, mama hakuwahi kuomba kitu. Kwa hiyo aliponipigia simu nilishtuka. "Nataka ile filamu ya Mafia ya babako," alisema. "Na uje unitafsirie wewe."

Filamu ilikuwa ya majambazi, ya Kitaliano, ya zamani, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Baba, karani wa bandarini, alikuwa akimsomea mama kwa Kiswahili. Mimi, mtoto wakati huo, nilikuwa nikisinzia kabla haijaisha. Asubuhi nikiuliza mwisho wake, baba hujibu, "Yule kijana kapata kazi Amerika."

Jumamosi asubuhi niliondoka kwangu Carrollton kwa gari. Kanda niliikodi dukani, nikaiweka kiti cha mbele na kuifunga mkanda kama abiria. Jamaa zangu wangenicheka.

Njia ya Houston ni ng'ombe na malisho, halafu ghafla misonobari. Nilimkumbuka baba njia nzima. Sikuwahi mazishi yake, na jambo hilo bado linaniuma.

Saa nane mchana nikafika Gulfton, mtaa wa Salim huko Houston. Salim alikuwa mlangoni, funguo za teksi mkononi. "Chakula hagusi," alininong'oneza. "Nime-try kila kitu. Ame-miss mzee tu."

Baada ya alasiri tukakaa, mama na mimi. Nilitafsiri vitisho, matusi nikayaruka. Karibu na mwisho wanaume wawili wakamjia mama wa yule kijana jikoni. Walisema maneno machache, naye akapiga magoti akilia. Nikasoma: mwanawe ameuawa.

"Wamwambia nini?" mama aliuliza.

"Wamwambia mwanawe kapata kazi Amerika."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mwongo kama babako! Mama halii vile kwa mwana aliyepata kazi. Miaka yote nikijua."

"Mbona hukumwambia?"

"Angeacha kunidanganya." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Hebu rudisha nyuma, uniambie tena."

Nikarudisha, nikamwambia tena. Jioni ile alikula wali sahani nzima.

Jumapili nilirudi Carrollton. Nilidhani nimempelekea mama filamu, kumbe alichokuwa akikingoja ni uongo ule, na wa kuusema nimebaki mimi. Jumatatu, badala ya kuirudisha kanda, nilikwenda dukani kuwaomba waniuzie.