Mwaka Sakitu Ilipomtuma Baba

Majani ya viazi yakiunguzwa na baridi hayanuki mara moja. Alfajiri yanakuwa meupe, yamekakamaa, ukiyagusa yanavunjika kama kioo chembamba, wala hayana harufu yoyote. Jua likishapanda kidogo ndipo yanalegea na kugeuka meusi, na bonde zima linanuka kama mboga iliyochemshwa ikasahaulika sufuriani. Harufu hiyo naijua mimi kuliko mtu yeyote wa Njombe. Leo ukifika Makambako ukaniulizia pale stendi, hata muuza mahindi ya kuchoma atakuonyesha malori yangu matatu ya viazi. Sikusoma, darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa. Lakini niliyoyaona mwaka niliokuwa darasa la sita, shule hazina mwalimu wa kuyafundisha.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kunyooka, na kijiji kizima kilimjua kwa kazi moja: kueleza Mungu amesema nini. Radi ikipiga mti wa mtu, mvua ya mawe ikipukutisha mahindi ya mtu, Jumapili wakati wa matangazo baba alisimama, akakohoa kidogo, akasema ujumbe ule ulikuwa wa nani na kwa sababu gani. Watu walimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nakaa benchi la mbele nimetoa kifua, kwa maana watoto wengine baba zao walieleza bei ya mbolea tu. Mwaka mmoja kabla ya sakitu, baridi ya kugandisha ninayoisimulia, upepo ulibeba mabati ya Mama Faraja, mjane aliyeuza ulanzi, pombe ya mianzi, huko juu mlimani, na siku nyingine aliuuza hata Jumapili. Baba alisimama akasema, "Mungu ameondoa bati ili tuone kilichomo." Kanisa lilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo Mama Faraja hakuonekana tena kanisani, na nyumba yake aliiezeka kwa nyasi na vipande vya nailoni.

Sasa sisi tulikuwa na vinyungu, yaani bustani za bondeni tunazolima kiangazi kwa sababu kule chini unyevu haukauki. Bonde lilipogawanywa, baba alipata kipande cha chini kabisa, kando ya kijito, udongo mweusi kama masizi. Alijisifia sana kipande kile, na kujisifu huko ndiko nilikorithi. Mama Faraja alipewa ukingo wa juu, mahali pa kupandisha maji kwa ndoo. Basi mwezi wa saba tukaamka asubuhi moja tukakuta bonde limekuwa jeupe. Tuliteremka mimi, baba na mama. Viazi vyetu vyote vilikuwa vimeganda, kila shina. Na hiki ndicho kilichowafanya watu washike viuno: weupe ule ulipanda, ukapanda, ukafika kwenye mfereji wa mpaka wa Mama Faraja, ukaishia hapo. Juu ya mfereji viazi vyake vilikuwa kijani, vimechangamka, kama vile vimetoka kuoga.

Kabla ya saa nne kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Walikuwa wakisubiri kuelezwa, na kila mmoja alijua mwelezaji ndiye aliyeunguliwa. Baba alichimba shina moja, akatoa viazi vya ukubwa wa gololi. Ndipo Mama Faraja akateremka polepole, kitenge amekikaza kiunoni, akasimama mbele yake.

"Kamwene, Mzee wa kanisa," alisalimu. "Majani yameondolewa. Tuone kilichomo."

Hakuna aliyecheka. Baba alibaki ameshika zile gololi zake, akaziangalia, kisha akazifukia tena kana kwamba zingeweza kuendelea kukua.

Ninyi mnaonunua viazi sokoni hamwezi kujua hasara ile ilikuwa na maana gani. Hatukupoteza chakula peke yake, tulipoteza mbegu. Bila mbegu hakuna cha kupanda mvua zikianza, na mama alishaanza kusema mimi nitapelekwa Lupembe kwa shangazi nikachume chai, shule baadaye. Siku tatu baba hakula vizuri. Alikaa na Biblia yake mapajani, hafungui. Mama alimuuliza kama ametafuta kosa lake, naye akajibu kwamba ametafuta na amepata mengi, ila hajui ni lipi. Siku ya nne akaniambia nichukue gunia tupu nimfuate. Tukapanda mlima.

Mama Faraja alikuwa anachambua maharage mlangoni. Hakusimama. Baba alivua kofia, jambo ambalo nilimwona akilifanya kanisani na makaburini tu.

"Mama, upepo ule wa mwaka jana sikuuelewa," alisema.

"Na baridi hii je? Umeielewa?"

"Hii nimeielewa. Imenileta kwako."

Mama Faraja aliinuka, akaingia ndani. Kupitia mlangoni niliona mbingu kwenye kona ya paa. Alivuta mbegu zilizokuwa chini ya kitanda, zimeanza kuchipua vizuri, akajaza gunia letu mpaka likashindwa kufungika. Tulipoliinua akasema, "Mbegu chukua, mtoto hana kosa. Ila maneno yako bado yako kanisani. Yaondoe kulekule ulikoyaacha." Njia nzima kurudi nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kumwambia mtu: kwamba mbegu tumeshapata, na baba angeweza kunyamaza tu, na kesho nisingekuwa tena na sababu ya kutoa kifua.

Jumapili Mama Faraja alikuja. Alikaa benchi la mbele, upande wa wanawake. Matangazo yalipofika, baba alisimama, akakohoa kama kawaida yake.

"Nilisema Mungu aliondoa bati tuone kilichomo," alisema. "Kilichokuwamo ni mjane na watoto wawili wananyeshewa. Ninyi mlionyeshwa hao. Mimi nikawaonyesha ulanzi."

Kisha akaketi. Mwinjilisti alisahau namba ya wimbo. Kesho yake baba aling'oa mabati ya banda letu la mbuzi akayapandisha mlimani kwa kichwa chake mwenyewe, nyuma yake wanaume sita na nyundo zao. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kuliko baba siku ile, na nimekutana na mawaziri.

Miaka mingi baadaye bwana shamba alinieleza kwamba baridi huteremka bondeni kama maji, ndiyo maana wa chini huungua na wa juu hupona. Nilimwambia hilo nililiona kwa macho yangu kabla yeye hajazaliwa. Alinieleza kilichoiteremsha baridi, vizuri sana. Kilichompandisha baba hakukieleza.

Mwaka jana moto ulipita Kifanya ukala misonobari yangu yote ya mlima mmoja, miti ya miaka kumi na moja. Makambako wakasema Mungu amemshusha yule, alizidi kujisifu. Aliyelisema kwa sauti kubwa zaidi, kabla hajaliona shamba lake mwenyewe, ni mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu wa shamba, ambaye kwa miaka yote nilimtania kwamba amesoma sana lakini miti yake imekonda. Najisifu kweli, sikatai, na sioni dalili ya kuacha. Ila nilipouliza nani mwingine ameunguliwa, nikaambiwa ni yeye, na hakubakiza hata mti wa kuni. Nikajaza lori miche nikaenda.

"Umekuja kunicheka?" aliuliza.

Nikamwambia nimetumwa. Akauliza na nani. Nikamwonyesha kwa kidole mlima mweusi nyuma yake, kisha nikaanza kushusha miche. Ilikuwa miche bora kuliko yote Njombe, na hilo nalo nilimwambia.