Shingo Yangu Mbele ya Maserafi

Usiku ule nililala na kiburi changu, tukajifunika blanketi moja. Kesho yake alikuwa anazikwa mama yake Tumaini, nami nilikuwa nimeshamwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba kifua kimenibana, sitaweza kuimba. Uongo mtupu. Kifua kilikuwa kizima. Kilichobana ni roho.

Niseme yote, maana ndoto bila chanzo chake ni porojo. Mimi ndiye mwanzishaji wa kwaya yetu hapa Njombe. Wimbo hauanzi mpaka nitoe sauti mimi, ndipo wengine wapokee. Ndivyo alivyoniweka marehemu Mwalimu Asheri, aliyetufundisha kuimba tangu tukiwa watoto wa shule ya Jumapili. Basi Pasaka iliyopita Tumaini, rafiki yangu tangu darasa la kipaimara, akaanzisha wimbo kabla yangu, na kwaya nzima ikamfuata. Nilipandwa na hasira. Tulipotoka nje nikamwambia mbele za watu, "Wewe hata chakula unakula kabla ya sala." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo tukikutana gulioni kila mmoja anageukia mafungu ya viazi. Na mama huyo anayezikwa ndiye aliyenilisha miezi yote ile mama yangu alipokuwa amelazwa. Nilijua ninafanya vibaya, nikalala hivyo hivyo.

Nikajiona nipo kwenye darasa tunalofanyia mazoezi. Mwalimu Asheri amekaa dawati la mbele, amevaa koti lake la kahawia, viatu vimelowa umande. Nilijua amekufa. Mimi mwenyewe nilimwimbia kaburini. Lakini sikuogopa, nikamwamkia.

"Marahaba, Salome," akasema. "Njoo uone wenzako wanavyofanya mazoezi."

Tukatoka mlangoni, na nje hakuna uwanja. Kuna shamba la ngano, halafu hata ngano hakuna, natembea juu ya kitu kinachong'aa nisichoweza kukitazama. Ukaja mvumo, kama mvua inapopiga mabati ya majirani kabla haijafika kwako. Nikauliza mvua hiyo inatoka wapi. Mwalimu akasema ni mabawa.

Ndipo nikawaona. Maserafi, malaika wa moto. Wamesimama safu kwa safu, warefu hata sikuona wanapoishia, wanawaka, na moto wao hauunguzi kitu. Kila mmoja ana mabawa sita, vile vile tulivyofundishwa tukiwa peku kwenye mkeka wa kanisa: kwa mawili amefunika uso, kwa mawili amefunika miguu, na kwa mawili anaruka. Mbali nyuma yao magurudumu yanazunguka ndani ya magurudumu, yamejaa macho pande zote, na hakuna hata jicho moja lililonitazama mimi. Yote yalielekea kwenye ule mwanga. Nilitaka kukimbia, na nilitaka kubaki pale maisha yangu yote.

Mwalimu akaninong'oneza, "Hesabu, Salome. Manne ya heshima, mawili tu ya kazi."

Mvumo ukakoma. Nikajua sasa wataimba lile neno lao, Mtakatifu, nikashika pumzi. Hawakuimba. Serafi wa kwanza anamgeukia mwenzake, anainama, anasema, "Anza wewe." Yule naye anainama, anamgeukia anayefuata, "Anza wewe." Inapita hivyo safu nzima, inapanda safu ya juu, inashuka, hakuna anayeharakisha, hakuna anayejivuna. Na mimi niliyezoea kukohoa kidogo ili watu wajue naanza, niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwalimu, sasa wimbo utaanzaje?"

"Hawaimbi mpaka wapeane ruhusa wote."

Kumbe nami nimo kwenye safu. Serafi aliye kuume kwangu ananigeukia, joto lake linanifika usoni, na kiumbe yule mkubwa, ambaye pumzi yake ingeweza kunipeperusha, ananiinamia mimi Salome. "Anza wewe." Najua la kufanya. Ni kugeuka tu, niinamie wa kushoto, nipitishe neno. Nikageuka. Wa kushoto ni Tumaini, kajitanda kanga nyeusi ya msiba, kichwa chini, anangoja.

Shingo ikagoma. Nailazimisha, imekaa kama gogo. Nafungua mdomo, neno halitoki. Na kimya kile kinazidi, magurudumu yamesimama, macho yale yote sasa yananitazama mimi. Mbingu nzima imesimama kwa sababu ya shingo ya mwanamke mmoja wa Njombe. Sijawahi kuogopa vile, wala kujiona mdogo vile.

Mwalimu hakunikaripia. Alisema kwa upole, "Salome, unawachelewesha."

Nikaamka. Wimbo wenyewe sikuusikia, na mpaka leo inaniuma. Shingo nayo ilikuwa inauma kweli kweli. Kulikuwa kunapambazuka, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nikajifunga kanga nikatoka bila hata kunawa uso.

Msibani wanawake walikuwa wanachochea moto wa chai. Waliponiona wakanipisha. Tumaini alikuwa ndani, kwenye godoro chini, ameegemea ukuta, macho yamevimba. Nikapiga magoti.

"Pole, Tumaini."

"Asante. Nilisikia kifua kinakubana."

"Nilidanganya. Na lile neno la Pasaka nilikutukana bure, mbele za watu. Nisamehe." Nilikuwa nalia sasa, wanawake wote wananisikia, sikujali. Nikainamisha kichwa mpaka paji likagusa godoro. "Mama akitolewa nje, anza wewe. Mimi nitafuata. Nimekuja kuomba ruhusa ya kumwimbia."

Nikamsikia anavuta pumzi, anajaribu kutoa sauti, ikatoka mkwaruzo tu.

"Sauti imeniishia kwa kulia, Salome," akasema. "Anza wewe."

Akasogea kunipisha, nikakaa karibu naye.