Bluu ya Severina kwenye Joho la Bikira

Kwa miaka ishirini na miwili Severina Mhongole, fundi sanifu wa maabara katika sekondari moja karibu na Nyololo, hajamwaga bluu. Wanafunzi wakimaliza kupima chuma kwenye mtihani wa vitendo, mirija hubaki na tope la bluu iliyokolea. Wengine hulitupa kwenye sinki. Yeye hulichuja, hulisuuza, hulianika, kisha huweka unga wake kwenye makopo ya siagi.

Mwaka huu kigango chao kilipata sanamu ya Bikira Maria, ya saruji, iliyopakwa chokaa wiki hiyohiyo ilipofika. Kamati ilitaka joho lake lipakwe rangi ya dukani kwa Jatin, Mafinga. Severina, mwenyekiti wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, akakataa. Aliwaambia kina mama kwamba bluu yake imejengwa kwa chuma, hivyo itadumu kuliko imani ya baadhi yao. Akaahidi pia kwamba joho lisipokuwa la bluu siku ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, ataachia kiti. Matilda, katibu wake, aliiandika ahadi hiyo kwa herufi kubwa na kuipigia mstari.

Siku mbili kabla ya sikukuu alichanganya unga na maji na gundi kidogo, akapaka. Jioni joho lilimeremeta. Asubuhi Bikira Maria alikuwa wa kahawia, kama mtu aliyeteleza njiani wakati wa masika.

Matilda alifika na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya unga uliobaki koponi. Haikupanda hata chembe.

"Dada Severina, chuma kiko wapi? Au nacho kimepalizwa?"

Severina alieleza kwa subira iliyokuwa inakaribia kwisha. Chuma kimo, ila kimepangwa kama nguzo za nyumba, na kati ya nguzo na nguzo kuna boriti ya kaboni na naitrojeni zilizoshikana. Kila chembe ya chuma inaelekea upande wake, haimsikilizi jirani. Ili zote zikubaliane upande mmoja na kuwa sumaku, inahitajika baridi ya ajabu.

"Hii ya Mufindi haitoshi?"

"Hii kwake ni moto wa jehanamu."

Na hapo, kwa kuitaja boriti, aliliona kosa lake. Mirija ya mtihani huwa na tindikali. Chokaa mbichi ni kinyume chake, nayo huvunja boriti na kubakiza kutu. Jaribio la jambo hilo alikuwa akiwaandalia kidato cha pili kila mwaka.

Alikwenda sokoni akarudi na tindikali aliyoweza kuipata: malimao nusu gunia. Kutwa nzima alikamua na kusugua joho kwa sifongo, na bluu ikarudi taratibu, isipokuwa pindo la chini. Siku ya Kupalizwa padre alilitazama pindo hilo kwa muda mrefu, akaendelea na Misa.

Baada ya Misa Severina alisimama mbele ya kina mama, akakiri kwamba hakuifikiria chokaa, na kwamba pindo si la bluu. Akamkabidhi Matilda muhuri wa uenyekiti.

Matilda aliupokea, akauliza kama bluu sasa itatulia.

Severina alisema hapana. Chokaa ya ndani bado mbichi. Kila ukungu ukilowesha sanamu, joho litageuka, na mwenyekiti atakamua malimao mpaka chokaa ikomae, pengine mwaka mzima.

Matilda akaurudisha muhuri mezani.

"Mimi naona pindo ni la bluu," alisema. "Nyie hamlioni?"

Wote wakaliona.